Mfalme wa Mali Niliyempeleka Ghana

Jumatatu, 7 Julai. Bunda
Vipindi vinne. Kidato cha Kwanza, falme za Ghana, Mali na Songhai. Baadaye nikapita duka la vitabu kununua kalamu nyekundu. Nikaona kijitabu kipya cha falme hizohizo za biashara. Juu yake jina la Masatu, mkuu wa idara yetu ya historia.

Ndani ni notsi zangu. Neno kwa neno. Hata mfano wangu wa mtu wa Bunda kubadilisha pamba kwa samaki, kama wao walivyobadilisha dhahabu kwa chumvi. Miaka minne nimeziandika. Nilimwazima wiki mbili tu. Alikuwaga ananiita dada.

Jumanne, 8 Julai
Nimemuuliza ofisini, mbele ya wenzetu. Akacheka.
"Dada Tekla, historia haina mwenyewe. Wewe ungeandika kitabu lini?"
Wenzetu nao wakacheka. Namchukia. Naandika hivyo hivyo, nisije nikajidanganya kwamba nilihuzunika tu.

Jumamosi, 12 Julai
Masatu kaja nyumbani, na soda mbili. Atafundisha somo la mfano Butiama, mbele ya walimu wa historia wa mkoa. Kijitabu nacho kinachapwa upya. Anataka notsi zangu za utajiri wa wafalme na anguko lao. Hana hata aibu. Nimemwambia azifuate Jumatatu.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Nimeandika kurasa sita, mwandiko safi. Mfalme aliyekwenda Makka na msafara, akagawa dhahabu Kairo mpaka thamani yake ikashuka, alikuwa wa Mali. Nimempeleka Ghana. Waliokuja na bunduki wakaivunja Songhai walikuwa Wamoroko. Nimeandika Wareno. Niliandika huku naimba.

Ijumaa, 18 Julai. Butiama
Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nikakaa mbele. Nilitaka kumwona akianguka.

Akasimama na sauti yake nzuri, akamweka mfalme Ghana. Nikangoja mtu anyooshe mkono. Hakuna. Walikuwa wananakili! Wareno pia wakapita. Ofisa elimu akampa mkono, ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningesema, wangeuliza nani kaandika.

Jumamosi, 16 Agosti. Suguti
Nimekuja kumwona mama. Nyanjura, binti wa kaka yangu, yuko Kidato cha Kwanza. Alikuwa anasoma kwa sauti kijitabu cha Masatu, kile kilichochapwa upya. Mfalme wa Ghana akaenda Makka. Nikamwambia ni wa Mali.
"Hapana, shangazi. Mwalimu wetu alikuwepo Butiama. Na kwenye jaribio nimeandika Ghana, nimepata."
Nikarudia. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu anayeanza kuzeeka.

Nilimlenga Masatu. Sikumlenga mtoto huyu.

Jumatatu, 18 Agosti. Bunda
Nimeandika barua kwa mkuu wa shule na kwa ofisa elimu. Yote. Wizi wake na uongo wangu. Masatu nimempa nakala mkononi. Kaisoma amesimama.
"Umejimaliza mwenyewe, dada."
Labda. Lakini nilimwona akitafuta kiti. Nilifurahi. Sana.

Alhamisi, 4 Septemba. Suguti
Nimepewa onyo la maandishi. Masatu kavuliwa uongozi wa idara, vijitabu vimeondolewa madukani. Bado sijamsamehe, na hajaniomba.

Leo shule ya Nyanjura wamenipa kipindi kimoja. Nikawaambia watoto kwamba kosa lile nililiandika mimi, kwa makusudi, kwa hasira. Kisha wakafungua madaftari, wakaanza kukata Ghana kwa peni, mstari kwa mstari. Nyanjura hakunitazama. Alikata taratibu, akaandika Mali juu yake. Halafu akanyoosha mkono, akauliza ilikuwaje dhahabu yote hiyo ikavuka jangwa.

Nikavuta kiti, nikaanza na ngamia.