Ngozi ya Chini ya Sleji

Shemeji Wafula,

Nakuandikia mimi Barasa, ndugu wa bibi yako. Kalamu hii naishika vizuri kuliko wengi waliokaa shule mpaka makalio yakachoka, na wewe ulikuwa unanikubali kwa hilo, angalau usoni.

Wamekupa udongo wa Njoro, ukakaa vizuri, ukaota majani. Sisi tuliobaki juu hatukukaa vizuri. Dada yangu Nekesa hayuko tena katika ile nyumba yako ya shamba la mzungu. Nitakuambia ilivyokuwa, na nitasema bila kukulainishia, kwa maana ukiwa hai ulipenda mno kulainisha mambo.

Unakumbuka sleji yako isiyo na magurudumu, ile panda ya mti mgumu wa mutamaiyo iliyokokotwa na maksai wawili, pipa la maji likiwa limefungwa juu, kutoka mtoni mpaka nyumba ya maziwa. Wenzako wote kwenye mashamba yale walipigilia bati la pipa chini ya miti yao ili isiliwe na mawe. Bati linakaa juma moja, msumari unang'oka, ncha inachoma mguu wa ng'ombe. Wewe ulivalisha sleji yako ngozi mbichi. Ngozi ya shingo, kwa sababu ndiyo nene, imelowekwa mpaka ikawa kama ugali, ikafungwa kwa vigingi vya mti, manyoya yakilala kuelekea nyuma. Ikikauka inajikaza yenyewe. Ulikuwa unasema, "Chuma kinagombana na jiwe, Barasa. Ngozi inalisalimia inapita."

Nami nilikuwa shahidi. Siku ile niliyokuja kutoka Ndabibi kukusaidia, tukateremka ule mlima wa mawe meusi, sleji iliteleza ikawapita maksai, ikanipita hata mimi, na mimi ni mtu niliyewahi kukimbizana na kongoni nikamwacha anahema. Nililishika pipa kwa kifua. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Watu wa Molo wanaulizana mpaka leo ile ilikuwa ngurumo gani.

Ulipokufa kwa kile kifua, mzungu alimwambia Nekesa kwamba nyumba ni ya mwenye kuleta maji. Akiweza kuleta, akae na watoto. Akaweza. Alizaliwa tumbo moja na mimi, atashindwaje? Lakini ngozi ya sleji ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi. Basi tulipomchinja yule dume wako mwekundu wa matanga, tukachukua ngozi yake, tukailoweka, mimi nikachonga vigingi, yeye akapiga. Haijapata kutokea sleji iliyovaa vizuri namna ile.

Halafu akaja ndugu yako Situma kutoka nyumbani. Hakuja mazishini, alikuja kugawa. Akainama akatazama chini ya sleji, akauliza watu wote wakisikia kama ni desturi mpya ngozi ya ng'ombe wa matanga kuburutwa juu ya mavi. Ile ni ngozi ya kukaliwa na mkubwa wa ukoo, alisema. Wazee waliokuwepo wakamkubalia kwa kichwa, kwa sababu pombe alinunua yeye. Nekesa hakupiga kelele. Alimwambia, "Mume wangu hakulala akiwa hai. Na ng'ombe wake afanye kazi."

Situma aling'oa vigingi kimoja kimoja. Akaitandika ngozi mlangoni pako, akaikalia, na akiwa juu yake akasema amekuja kumrithi Nekesa. Nekesa akakataa. Basi akaikunja, akaenda nayo.

Hapo mimi nilikuwa nimesharudi Ndabibi. Habari iliponifikia nilitafuta tairi la lori, nikakata kipande cha kuivalisha sleji, nikakibeba begani mpaka Njoro. Njiani fisi wawili walinifuata wakidhani nimebeba nyama. Niliwageukia nikawauliza mama yao ni nani, wakaenda zao. Nilifika nimechelewa.

Kilikuwa kiangazi, mawe yamekauka yana meno, na mti wa sleji uko uchi. Siku zote hizo mti ulikuwa unaliwa, na Nekesa alikuwa anaona. Alijaribu magunia, alijaribu ngozi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi ni karatasi. Panda ilipasuka katikati ya mlima. Pipa likabingirika likapasuka, maji yote yakaenda kwenye vumbi, na jioni ile nyumba ya maziwa ikakosa maji ya kuoshea. Kesho yake kazi akapewa mwenye trekta. Nyumba nayo akapewa yeye. Nekesa alitoka na sufuria, blanketi na watoto wako watatu.

Shemeji, Situma mimi simshangai. Nakushangaa wewe. Miaka yote alipokuja kwako kula na kutukana, nilikuambia mkataze. Ukawa unajibu kwa upole wako ule kwamba mtu na ndugu yake hawatengani kwa maneno. Ulimzoesha mlango. Sleji uliijua mahali inapoliwa, ukaikinga. Bibi yako hukumkinga. Nimelia juu ya jambo hili, na mimi kulia sijazoea, machozi yalinitoka kama ya mtu aliyekata kitunguu cha jirani, hata sikuyaelewa.

Sasa wako kwangu. Wanaokota viazi, wanakula, mdogo ameanza kukoroma kama wewe. Nekesa hataki kutaja Njoro.

Situma ametuma mtu. Anasema bibi abaki akitaka, ila watoto ni wa ukoo, atawachukua baada ya mavuno. Najua desturi iko upande wake. Wazee watakaa upande wake pia, pombe ikiwepo. Aje. Mimi nitasimama mlangoni, na safari hii sina hadithi ya fisi wala ya kongoni. Nitakuwa mtu mmoja mwenye umri wangu na magoti yangu mabovu, na watoto wako hawatapita hapo nilipo.

Hilo nakuahidi. Bado nina hasira na wewe, Wafula. Lala nayo hivyo hivyo, mpaka iishe.

Shemeji yako,
Barasa, Ndabibi