Dole gumba la Baba

Mwenzangu, usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Baba amefunga distributa kinyume. BABA! Tena kwenye injini ya kaka, na mashindano ya magari ni kesho.

Si unajua anavyopanga taimingi? Anafungua plagi ya kwanza, anaziba tundu kwa dole gumba, kaka anazungusha injini polepole mpaka pumzi isukume kidole. Hapo ndipo distributa inaingia, igawe cheche kwenye plagi kwa wakati wake. Leo akaziba, akasema, "Tayari, imesukuma."

Wala haikusukuma. Kaka kupiga stata tu, kabureta ikatema moto!

Kaka akacheka mbele ya mafundi wote: "Mzee, leo imekupiga chenga!" Baba yule yule wa kukujibu kabla hujamaliza kuuliza. Leo akatoka tu, akaenda kukaa juu ya tairi nyuma ya karakana.

Nikampelekea chai. Kikombe cha bati, mimi mwenyewe nimekishika kwa kitambaa. Akakipokea mikono mitupu, akakikumbatia.

Nikapiga kelele, "Baba, utaungua!"

Akakitazama kikombe. "Kumbe ni ya moto?"

Ya moto, mwenzangu! Inafuka moshi!

Nikamuuliza vidole vimekufa ganzi tangu lini. Akasema ni zamani, kwamba siku zote hizi anasikiliza tu ile pumzi ikipenya pembeni ya kidole. Halafu akasema polepole, kama anayeomba radhi, "Leo mmewasha redio."

Nimeingia ndani nikaizima. Sasa kaka anafoka, nani kazima redio. Namjibu nini?