Roja ya Baba

Chuoni, 3 Februari 2025

Baba, shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na mama na ng'ombe. Mwezi huu nina mtihani wa kuongea na mnara wa kuongozea ndege. Maneno ya marubani ni mafupi. "Roja" ni kusema nimepokea ulichosema. "Wilko" ni nimepokea na nitatekeleza. Usiposikia, unaomba: "Sema tena." Maelekezo ya hatari unayarudia yote, ili mnara ujue mmeelewana. Niombeeni.

Mwanao, Ritha

Masumbwe, 11 Februari 2025

Marahaba, mayu, binti yangu. Huku afya ipo, mvua ndiyo inatuchezea. Nimeipenda roja, haichoshi mdomo. Jumapili baada ya misa Katekista Gregory alinisemesha sana, nikamjibu, "Roja." Kumbe alikuwa anaomba dume langu jeusi kwa ajili ya karamu ya parokia! Leo Jumanne wamekuja watu watano na kamba. Mama yako hasemi na mimi. Mtihani umeendaje?

Baba yako, Sostenes

Masumbwe, 20 Machi 2025

Mayu, u mzima? Umekaa kimya mno. Jirani yetu Boaz akifungua simu yake kusoma habari za ndege kuanguka, namfukuza barazani. Mama yako ameanza kusema na mimi, lakini ni kuuliza habari zako tu. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

Chuoni, 2 Aprili 2025

Shikamoo baba. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimefeli.

Redio ya ndege ilikwaruza. Niliomba warudie, bado sikusikia. Nikaona aibu kuomba tena, mtahini yuko pembeni anaandika. Nikasema roja. Kumbe nilikuwa nimeambiwa nisubiri. Nikaingia njia ya kurukia wakati ndege nyingine inakuja kutua! Mtahini akakanyaga breki. Yule wa angani akaghairi kutua, akatupita juu ya vichwa.

Mtahini akaniuliza, "Ulisikia nini?"

"Sikusikia."

"Sasa roja ya nini?"

Nimebakiza nafasi moja, tarehe 28. Naona bora nirudi nimsaidie mama dukani.

Mwanao, Ritha

Masumbwe, 10 Aprili 2025

Marahaba. Usirudi. Nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mimi sisikii, mwaka wa nne huu. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linachagua. Ndiyo maana ukipiga simu nasingizia mtandao. Watu wakiongea natazama midomo, natikisa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyojikuta mwenyekiti wa kamati ya choo cha shule. Gregory naye sikumsikia hata neno moja. Roja ilinipa njia ya kutorokea tu.

Basi tupatane. Wewe utauambia mnara "sema tena" hata mara kumi. Mimi nitamwambia mama yako. Na unavyomjua, mtihani mgumu ni wangu.

Baba yako

Chuoni, 29 Aprili 2025

Baba, shikamoo, nimefaulu! Nimesema "sema tena" mara tatu. Mara ya tatu mwongoza ndege alitamka polepole kama anamfundisha mtoto kusoma. Nikamrudishia maneno yote. Mtahini aliweka tiki tu. Na wewe je? Umemwambia?

Mwanao, Ritha

Masumbwe, 9 Mei 2025

Marahaba, rubani wangu. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Mama yako nilimwambia "sema tena," akadhani namdhihaki. Mara ya nne akaweka ungo chini, akanitazama. "Sostenes, husikii?" Nikasema sisikii. Alilia kidogo, akanitukana kidogo, asubuhi tukapanda basi kwenda hospitali Geita.

Daktari ametoa nta kwenye sikio la kulia, bonge la kuzibia chupa. La kushoto ni uzee, litabaki hivyo. Tulipotoka nje nikasimama pale getini. Pikipiki, majenereta, watu wanaitana! Halafu nikamsikia mama yako. Kumbe huwa anaimba akitembea, mayu. Miaka minne naona midomo inacheza, nadhani ananisema.

Nilimfuata nyuma nyuma hadi stendi, nikijifanya mguu unauma, asije akanyamaza.

Baba yako, Sostenes