Namba Tasa ya Mchumba wa Mdogo Wangu

Shoga, katika ukoo wetu bingwa wa hesabu ni mimi. Haya, niliishia darasa la nne, na la tatu nililirudia.

Sasa sikia ya yule mwalimu mstaafu anayemposa mdogo wangu, fundi cherehani. Leo kaja kuchukua jibu. Mdogo wangu kamwambia wazi: "Watoto wa watu nimelea mpaka nimechoka. Wewe unao?"

Bwana akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika mezani moja tisa mfululizo: 111,111,111.

"Bibie, hii ni namba tasa. Haigawanyiki. Haina mtoto, kama mimi."

TASA! Mzee mzima anajisifia utasa, tena kwa chaki ya watu!

Mdogo wangu alitaka kuamini, maskini, na gauni jipya kashavaa. Lakini roho haikutulia. Akajumlisha zile moja, akapata tisa. "Si tulifundishwa jumla ikiwa tisa, namba inagawanyika kwa tisa?"

Akabonyeza kikokotoo cha simu. Likatoka 12,345,679.

Shoga, imegawanyika! Tasa kazaa! Tena wamejipanga kama wako gwaride, moja mpaka tisa, nane tu ndiye hayumo.

Mchumba jasho linamtiririka. Mdogo wangu akamtania tu, haki ya nani, utani mtupu: "Mzee, watoto wako wazuri hawa. Mbona wa nane simwoni?"

Bwana akaruka kitini: "Nani kakwambia? Wa nane yuko kwa mama yake!"