Bonde Tulilosema Halina Kitu

S.L.P. 214,
Mwankoko,
Singida.
19 Septemba 1996.

Mpendwa shemeji Laurian,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi la Septemba unalolijua. Hujambo wewe? Rufina hajambo? Watoto wanaendeleaje huko Masasi kwenye mikorosho yenu? Sisi tupo. Yasinta mzima, Noel kifua kinamsumbua kidogo kwa ajili ya hilo vumbi. Baba naye anaendelea, miguu inamuuma, lakini ukimpikia ugali wa uwele anamaliza sahani. Wa mahindi anasema ni chakula cha wafungwa. Kwa hiyo tulia, hii si barua ya msiba. Najua ukiona mwandiko wangu moyo unakushtuka, tangu ile barua ya kukuambia kaka yako Raymond ametutoka.

Barua yangu ya Pasaka hukuijibu. Sikulaumu. Ah, nadanganya, nakulaumu sana. Shemeji gani asiyemtania mke wa kaka yake hata kwa mistari miwili? Nimeanza kudhani hizo korosho zimekuziba masikio.

Ila leo sina nguvu za kugombana. Nimechoka, shemeji. Nimechoka na mambo ya taka, na nitakueleza tangu mwanzo maana huko mbali huwezi kujua.

Wewe uliondoka wakati rafu za maduka zilikuwa tupu, sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana. Sasa nenda sokoni Singida Mjini uone. Kila kitu kipo, mitumba, redio, biskuti, maziwa ya kopo, na kila kitu kina mfuko wake wa rambo. Ukinunua hata nyanya tatu unapewa rambo. Vikapu tulivyosukiwa na mama zetu tumevitundika ukutani kama mapambo. Mimi mwenyewe sibebi kikapu tena, usinione nasema wenzangu. Baada ya mwaka mmoja au miwili mji ukajaa mpaka ukienda ziwani Kindai unakanyaga makopo.

Ndipo wakaja watu wa mipango. Wanataka kujenga dampo moja kubwa la mkoa, shimo la kisasa, taka za mji na za miji midogo ya jirani zote ziletwe pamoja, zishindiliwe na kufukiwa kwa udongo. Wazo si baya. Taka lazima ziende mahali. Wakatafuta eneo lisilotumika, si mbali na mji, na wakaliona lile bonde letu la nyuma ya mawe.

Ndiyo, shemeji, lile lile ulilovunjia jino. Lile lenye visima vya mchangani ambavyo kiangazi chote ndivyo vinavyotunywesha, na mlenda, na vitunguu vyangu vinavyolipia karo ya watoto.

Wakaitisha mkutano shuleni. Alikuja binti mtaalamu, jina lake Rebeka, mpole, kavaa buti, anamwamkia kila mzee shikamoo kwa zamu. Ana ramani na kalamu. Akasimama akauliza vizuri kabisa lile bonde wananchi wanalitumia kwa shughuli gani. Watu wote wakamtazama Baba, kwa kuwa bonde liko upande wa kwetu. Baba akajikongoja akasimama.

"Bonde gani, mwanangu? Pale hapana kitu. Miiba na mawe."

Rebeka akauliza kama kuna maji. Baba akamwambia maji yatoke wapi na mvua zenyewe hizi. Akauliza kama mifugo inapita. Baba akasema mifugo hana, ana mbuzi wawili nao wana kikohozi. Wazee wote wakaitikia, kweli, kweli, pale hapana kitu. Na mimi nimekaa nyuma na wanawake, ndoo yangu ya maji ya bonde hilo hilo nimeiacha mlangoni inadondosha matone.

Unawajua wazee wetu. Mtu mwenye kalamu akiuliza una nini, jibu ni moja, hatuna. Walianza zamani mkoloni alipokuwa anahesabu ng'ombe, wakaendelea wakati wa operesheni ya vijiji, na sasa ni kama chafya, linatoka lenyewe. Baba alidhani amewashinda. Alirudi nyumbani anatabasamu. Alidhani ukisema mahali hapana kitu watu watapaacha. Kumbe wenzake walikuwa wanatafuta mahali pasipo na kitu.

Ungesema mimi ningesimama nimsahihishe. Mkamwana amsahihishe baba mkwe mbele ya kijiji kizima? Hata wewe ungenishangaa. Nilimeza mate nikabeba ndoo yangu.

Miezi haikupita mingi tukaona vigingi vyekundu vimechomekwa bonde lote, kimoja kando ya kisima, vijana waliotumwa na ramani hawakuuliza kitu. Baba akaenda kwa mtendaji kulalamika. Mtendaji akamwambia, mzee, ni maneno yako mwenyewe, tulikuwepo wote. Akaenda mara ya pili akapewa kiti na soda, akarudi na jibu lile lile. Tangu hapo anakaa nje na fimbo yake anatazama vigingi.

Kabla hata shimo halijachimbwa malori yakaanza kumwaga pale juu ya bonde. Walisema ni kwa muda tu. Shemeji, harufu yake sikuelezi. Inzi wanaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Upepo unapeperusha rambo, miiba yote imevaa rambo, nyeupe, bluu, ukiangalia toka mbali utadhani kuna harusi. Betri za redio zimelala karibu na pale tunapochota. Noel nikamkataza kunywa bila kuchemsha, na kuni nazo unajua zilivyo adimu. Jioni nilikuwa nashika kiuno nauliza ni nani aliyetuloga, na jibu nalijua, hakuna aliyetuloga.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi uliopita ng'ombe mmoja wa Bonaventura, yule jirani yetu wa upande wa mlimani, aliacha kula. Jike jeupe, zuri, nilikuwa namwona kila siku akishuka kunywa. Akavimba tumbo, akafa. Walipompasua wakakuta ndani bonge la rambo limekazana, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Watu walikuja kuliangalia. Mimi nikaenda kumpa Bonaventura pole kama jirani, nikarudi kwangu.

Kesho yake nafagia, namwona Bonaventura anaingia uani kwetu na ngozi begani, uso umemshuka. Akaitandaza mbele ya Baba, akachutama, akasema kwa Kinyaturu, mzee, mzigo wako ulinishinda, hii hapa uione.

Fagio liliniponyoka. Desturi unaijua kuliko mimi. Anayefuga ng'ombe wa mwenzake, ng'ombe akifa, lazima ampelekee mwenyewe ngozi aione kwa macho yake, asije akasema umemla. Sasa ngozi ya ng'ombe wa Bonaventura inakuja kwetu kufanya nini? Sisi wenye mbuzi wawili wa kikohozi?

Baba aliishika ile ngozi akaipapasa polepole, kutoka shingoni mpaka mkiani. Machozi yakamtoka. Mimi nimeolewa humu miaka yote hii, kwenye msiba wa Raymond sikumwona akilia, siku ile alilia. Nikaingia ndani kwa heshima, nikalia na mimi, sijui hata nalia nini.

Baada ya hapo akaanza kutuma watu. Mmoja akatumwa huku, mwingine kule, mmoja akapanda basi mpaka Ulemo kwa rafiki yake wa zamani Melkizedeki. Nikiuliza naambiwa pika chai, Mama Yasinta. Nikapika chai.

Siku Rebeka na wenzake waliporudi na vyombo vyao vya kupimia ndipo nikaelewa. Tuko pale bondeni, watu wamekuja kutazama, mara vumbi upande wa mlimani. Ng'ombe. Vumbi lingine upande wa barabara. Ng'ombe. Wengine wametoka Ulemo kwa miguu, wamechoka, wamekonda kwa safari. Wakashuka wote visimani pale penye vigingi, wakaanza kunyweshwa. Sikuhesabu, kwetu mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake, ila bonde lilijaa, vigingi vikakanyagwa vikalala. Watu wakawa wanatazamana. Kila mmoja alikuwa anamjua yule ng'ombe wa jirani yake, kumbe jirani mwenyewe alikuwa mfugaji tu.

Rebeka akauliza ng'ombe hawa ni wa nani.

Baba akavua kofia. Lile neno lilikataa kutoka, nilimwona, mdomo unafunguka unafumba. Halafu akasema, "Wangu."

Rebeka alikasirika, na ana haki ya kukasirika. Akamwambia, mzee, mbona uliniambia huna? Baba akamjibu kwa upole tu, "Ulikuwa na kalamu, mwanangu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata Rebeka akacheka, kidogo. Wakachimba shimo la kujaribia palepale, hawajafika kiunoni maji yakatokea. Yule binti akachutama akayatazama muda mrefu. Akasema taka zikifukiwa hapa uchafu wote utaingia visimani, na mvua zikija utateremka mpaka ziwani. Akasema eneo halifai, ataandika upya, watafute kwingine. Na vigingi vikang'olewa kweli.

Usishangilie sana. Lile lundo la kwanza bado lipo, malori ya kuleta yalikuwepo, ya kuondoa hayapo. Tunatoka wanawake kila Jumamosi kuokota rambo kwenye miiba, tunachoma, moshi unatuumiza macho, Jumatatu zimerudi. Na huko kwingine watakakokwenda kuuliza, shemeji, wazee wa huko nao watasema nini? Watasema pale hapana kitu. Nikifikiria hivyo naishiwa nguvu kabisa.

Baba naye analipa. Mkusanya kodi ya mifugo alikuja na shikamoo tele. Ndugu ambao hatujawaona tangu arobaini ya Raymond sasa wanapita kutujulia hali. Anawapokea wote, anawapa chai yangu.

Lakini usiku wa siku ile ya ng'ombe mimi niliwaza jambo moja tu, na nitalisema wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Nilikuwaza wewe. Nilikumbuka ulivyokuja kwa Baba ukataka ng'ombe wa kumpelekea baba yake Luciana, naye akakuambia hana, na Luciana akaolewa na mwingine, na wewe ukapanda gari la kusini hujarudi mpaka leo. Sote tuliamini hana. Nilikasirika, Laurian. Nilimpelekea Baba chakula nikakibwaga mezani, jambo ambalo sijawahi kufanya. Akanitazama, akaelewa.

Akaniambia, mwandikie. Nikamuuliza nimwandikie nini. Akasema, mwambie ninao. Kisha akaongeza kwamba siku ile alikujibu kama anavyomjibu mtu yeyote anayekuja kuomba, lilitoka kabla hajafikiri, na likishatoka mbele ya watu hakujua namna ya kulirudisha. Najua una Rufina na una furaha yako, sisemi hayo kuchokonoa kidonda. Nakufikishia tu kama nilivyotumwa.

Yule jike jeupe aliyekufa alikuwa kitukuu wa ndama ambaye Baba alikutengea siku ulipozaliwa. Uzao wote ule, kwa Bonaventura na kwa Melkizedeki, anasema ni wako tangu zamani, yeye alikuwa anakufugia tu. Ngozi mnunuzi alikuja kuitaka, Baba akamfukuza na fimbo. Imekauka vizuri. Ameitandika kwenye kitanda chako kile cha kamba, na mtu haruhusiwi kuikalia. Anasema yeye ndiye mfugaji, na mfugaji halali usingizi mpaka mwenye ng'ombe aione ngozi kwa macho yake.

Nisalimie Rufina, mwambie mke mwenzake wa utani anamngoja aone kama kweli ni mzuri kama unavyojisifu. Wabusu watoto ambao babu yao hajawahi kuwashika. Bonaventura anakusalimu na anaomba radhi. Yasinta anauliza korosho zinaota chini kama karanga au juu.

Mungu awalinde huko mliko na awafungulie njia ya huku. Mvua zitaanza Novemba na barabara itaharibika. Njoo kabla, shemeji. Mzee anaiangalia ile ngozi kila asubuhi.

Ni mimi nikupendaye hata usiponijibu,
Eliana (Mama Yasinta).