Mshipi Uliopita Midomoni

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Wa kulia umeanza kulegea kwenye kifundo, vilevile wako ulivyoanza, na ndiyo sababu ya barua hii. Nina jambo la kukwambia na najua hutalipenda.

Kwanza habari za kazi, maana hizo ungeziuliza kabla hata ya kuuliza wajukuu. Uani petu Kariakoo pako vilevile. Mshipi wa kuvulia bado tunautandaza kutoka nguzo ya baraza ya nyuma mpaka kwenye pipa la maji. Nailoni madukani hakuna, kwa hiyo tunaendelea kuchambua nyuzi za ndani ya tairi kuukuu. Wavuvi wa ushirika kule Feri wanauita mshipi kwa jina lako, utadhani uko hai unawasikia.

Nakumbuka siku uliyonieleza siri yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulisema mvuvi mvivu hufunga chubwi kubwa la kuzamishia mwishoni akadhani kamaliza. Chubwi linatangulia chini kweli, lakini uzi mwepesi wa katikati unasukumwa na mkondo, unafanya tumbo, na chewa akidonoa huko pima arobaini, mtu aliyeko juu hasikii kitu mpaka chambo kimekwisha. Wewe ukaona uzito ukae kwenye mshipi wenyewe. Tuliyeyusha risasi ya betri mbovu za magari, tukaipiga tupa ikawa vumbi, tukalikoroga na vanishi na kupaka pima kumi za mwisho: zito zaidi karibu na ndoana, jepesi kadiri unavyopanda. Na uzi uwe mwembamba, ulisisitiza, kwa sababu mnene maji huushika. Mshipi ukazama umenyooka, ncha ikitangulia. Nilijiona nimefundishwa kitu ambacho hata wazungu wa meli pale bandarini hawakijui.

Lakini mpako ukiwa na kinundu, mshipi unajisokota ukishuka, na vidole vyako vyenye sugu havikuhisi vinundu vidogo. Ndipo ukawa unaupitisha midomoni. Pima kumi zote, polepole, mate yakiulainisha. "Midomo inaona, mwanangu," ulisema, nami nikaiga. Baadaye nikawafundisha Mwajuma na Tabu, wanawake wawili wanaonisaidia. Tulikuwa tukimaliza tunafuta midomo kwa pindo la khanga, tunakunywa chai.

Tumbo ndilo lililokuanza. Ulikuwa unajikunja mkekani huku umeuma shuka. Kisha ufizi ukaweka mstari wa buluu, kisha viganja vikaanguka, kijiko ukashindwa kukishika. Mjomba Idi akasema huo si ugonjwa, umelishwa kitu. Na nani? Miaka kumi na moja ulikunywa kahawa kila asubuhi dukani kwa Mzee Lema, yule Mchaga wa mlango wa pili, mkitaniana juu ya mpira na foleni ya sukari. Ndiye aliyekuwa akikutafutia hizo betri. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu nawe kiasi hicho, kwa hiyo likamwangukia yeye.

Na wewe ulikubali, Baba. Balozi wa nyumba kumi alipoita watu, ulilazwa barazani mbele ya mtaa mzima ukasema, "Lema kanilisha." Sitasema ulikuwa umeweweseka. Akili zako zilikuwa timamu, asubuhi ile ile ulikuwa umenigombeza kwa sababu ya mshipi.

Mzee Lema alisimama pale kofia mkononi. Hakumtazama balozi, alikutazama wewe. Mimi sikusema neno. Wiki ile watu wakaacha kununua kwake, mtu akampaka kinyesi mlangoni. Ulipofariki alikuja mazikoni na Mjomba akamrudisha njiani. Hata mwezi haukuisha akafunga duka.

Sasa sikiliza. Mkono wangu ulipoanza, nilikwenda hospitali. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alinifunua mdomo akatazama ufizi, akauliza kazi yangu. Akataka hatua kwa hatua. Nilipofika kwenye midomo alinishika mkono nisiendelee. Ni risasi, alisema. Inaingia kidogo kidogo, na ikishaingia haitoki upesi. Akauliza kama nimewahi kuharibikiwa mimba.

Mbili, Baba. Unajua. Ile ya pili uliizika wewe.

Nilikaa nje kwenye ukuta wa hospitali nikalia mpaka muuza karanga akaniletea maji. Kilio cha hasira. Nilikukasirikia wewe, halafu nikakasirika zaidi kwa sababu hukujua na sina wa kumgombeza.

Risasi nimeitupa. Tunauzungushia mshipi waya wa shaba kutoka kwenye mota zilizoungua. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, mshipi unachelewa kufika chini na katikati tumbo dogo linarudi. Nimepunguza unene wa uzi, bado haujafikia wako. Wavuvi wananung'unika. Mwajuma amekubali kwenda kupimwa. Tabu anasema nimechanganyikiwa, na juzi nimemkuta kaushika mshipi kwa midomo, nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu.

Nikaenda Manzese kumtafuta Mzee Lema. Ana genge la nyanya. Amekonda. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ulijua kabla ya kufa. Nikasema hapana. Akazipanga nyanya zake muda mrefu. Nilidhani atasema amesamehe, hata shukrani nilikuwa nimeshaziandaa. Akasema, "Wewe umeniambia hapa gengeni, tuko wawili. Yeye alinisema mbele ya mtaa."

Nilirudi nyumbani.

Mjomba Idi amenikataza kulisema mbele ya mtaa. Anasema nitakuvua nguo ukiwa kaburini, na kwamba mvuvi gani atagusa tena mshipi wenye jina lako. Huenda ni kweli. Lakini nimeshamwomba balozi, na Jumapili ataita watu hapo hapo barazani. Nitasema Mzee Lema hakukulisha kitu. Nitasema risasi tuliila wenyewe, wewe na mimi, kwa midomo yetu, na kwamba ulimsingizia rafiki yako, na mimi binti yako nilisimama nikasikia nikanyamaza. Jina lako nitalitaja. Bila hilo hawataamini.

Nakupenda, Baba, na naona aibu kwa ajili yako. Yote mawili ninayo na hakuna linaloondoka.

Pumzika. Nakuahidi dua yako kila Ijumaa, kama kawaida. Nakuahidi pia kwamba uani hapa, maadamu ningali hai, hakuna mtu atakayetia mshipi mdomoni. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Wewe umekwisha kuzikwa. Mzee Lema bado anaamka kila asubuhi akiwa mtu aliyekuua.

Mwanao,
Salma