Mlango wa Kulia wa Stesheni

Shoga, acha unachofanya. Fungua droo yangu, chukua kitambulisho, uniletee stesheni. Usicheke. Niko nchi ya watu.

Tena na ndala. NDALA!

Si nilikuja kumpokea mama mkwe mtarajiwa? Treni ikafika, nikamtambua kwa ile picha. Nikamwamkia, nikalinyakua begi lake kwa adabu zote, nikatangulia mbio ili aone kapata mkwe mchapakazi.

Na unaijua stesheni yetu, moja kwa miji miwili. Mlango wa kushoto unatokea kwetu, wa kulia unatokea ng'ambo ya mpaka. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na nimepita WA KULIA. Kiherehere tu!

Afisa akaniuliza, "Sababu ya safari?"

"Kumpokea mama mkwe."

"Yuko wapi?"

"Kule nilikotoka."

Akanitazama mpaka nikajionea huruma. "Na begi lina nini?"

Shoga, nikamjibu, "Sijui, si langu." Afisa wa mpakani! Kwa mdomo wangu huu! "Sijui, si langu!"

Basi akamwita mama, naye mama akasogea mpaka kwenye uzio. "Mama, unamfahamu huyu binti?"

Mama akavaa miwani taratibu, akanikagua kuanzia ndala kwenda juu.

"Ndiyo kwanza namwona leo," akasema. "Kaniamkia vizuri, kachukua begi langu, kahama nchi."

Na afisa kaandika. Neno kwa neno.